Kibuyu cha Wakwe Kwenye Njia ya Mtoni

Kutoka kwetu Nyamiaga kwenda Ngara mjini mimi napita njia ya mtoni, maana huko magari hayafiki, hata pikipiki zinateleza. Ubaya wake, ukiona mtu nyuma yako, basi mko wawili tu.

Siku ile nilibeba kibuyu cha pombe ya ndizi, nawapelekea wakwe wa binti yangu. Kwetu kibuyu cha wakwe kinafika kimejaa, mdomo umezibwa na jani la mgomba. Kikipungua, aibu ni ya binti.

Mara namwona mama mmoja nyuma. Nikisimama, anasimama.

"Shikamoo bibi. Lete nikusaidie mzigo."

"Marahaba. Umeniona mgonjwa?"

Moyoni nikasema, huyu ana kiu, au ana dawa ya kututilia humu. Nikakaza mwendo, na yeye akakaza. Nikakata kona ya kwa wakwe, na yeye akakata! Uani akanipita, akaingia ndani kama kwake. Kumbe ni shangazi wa mume wa binti yangu, alitumwa kunipokea njiani, nikampita bila kumjua!

"Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Kila nikifungua mdomo unakimbia kama kanga!"

Wakafungua jani. Kwa mila, mwenye pombe anaonja kwanza, watu waone haina sumu. Nikavuta mrija kidogo.

"Vuta tena, bibi," akasema yule shangazi, amenikazia macho. "Na mimi leo sikuamini."

Nikavuta, nikavuta, mpaka wakaninyang'anya mrija.