Kitambaa Nilichokifumua

Mpaka leo sijui kama nilikosea au nilifanya kile kile nilichofundishwa.

Bibi yangu mzaa mama alinilea Kondoa tangu nikiwa mchanga, mama alipofariki. Alifuma kwa kroshia vitambaa vya meza na makochi, vyepesi kama povu la maziwa, na alikuwa mkali. Kwake kosa halikufichwa, lilifumuliwa. Ukikosea kitanzi kimoja, alivuta uzi mpaka pale ulipokosea, akakurudishia sindano bila neno. Hata ugenini, akikaa tu kwenye kochi la watu, vidole vyake vilianza kukagua kitambaa cha mwenye nyumba. Nilikuwa naona aibu mpaka basi.

Habari za mama hakusimulia. Sikuwa na picha yake wala kanga yake, na nikiuliza, bibi alinituma maji.

Bibi alipofariki mwaka jana, katika kugawana vitu vyake nilipewa kitambaa kikubwa cha meza. Nikaja nacho Dodoma. Jumapili moja nikakitandaza, nikashangaa. Mizunguko mitatu ya mwisho ilikuwa imekazwa mno, vitanzi vingine vimerukwa, ukingo umejikunja. Nikajua ni macho ya uzee. Nikafanya ambacho angefanya yeye: nikaifumua yote mitatu, nikafuma upya kwa uzi ule ule. Nilijiona nimemtunzia heshima.

Mwezi uliopita mama mkubwa, dada yake mama, alikuja kunitembelea. Nilimwamkia, nikamwekea chai, lakini hakuigusa. Alikuwa anapapasa ukingo wa kitambaa, anauzungusha, anatafuta.

"Hii mizunguko ya mwisho kafuma nani?"

Nikamweleza, kwa majivuno kidogo. Akauachia ukingo.

"Bibi yako alimpa mama yako amalizie," akasema. "Alikuwa na mimba yako, anaumwa, mikono inatetemeka. Bibi yako alifumua kazi za watu wote, hiyo tu hakuigusa."

Nilichanganyikiwa. Kwa nini hakuniambia? Amenifundisha kufumua, halafu ananiachia kitu kimoja kisichofumuliwa, kimya kimya? Nilimkasirikia, nikajikasirikia, nikaishia kumwomba radhi mama mkubwa, ambaye wala hakuwa amenilaumu.

Akaushika tena ukingo, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Umefuma vizuri lakini, mwanangu," akasema. "Hakuna hata kosa moja."