Karatasi Niliyoitia Dole

Ipo Jumatano moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado uso unaniwaka. Mimi sikusoma; kalamu haikupata kukaa mkononi mwangu. Anayeandika ni mjukuu wangu Raya, nami nimemwamuru asipambe wala asipunguze. Kosa la herufi likionekana ni lake, na kosa la kitendo ni langu peke yangu.

Tulikuwa tumekwisha kuregea zamani kutoka Unguja, tunakaa kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Ibra, huku Omani. Nywele zangu zilikuwa bado nyeusi, na nilijijua kuwa mzuri. Babu yenu, Bwana Seif, alikuwa na kisukari, na chini ya kidole gumba cha mguu wake wa kulia kikatoka kidonda. Hakikumuuma, na huo ndio ubaya wake, kwani kidonda cha mwenye kisukari hula kimya kimya.

Kwenye kituo chetu cha afya daktari alikuja siku mbili tu kwa wiki. Siku nyengine alikuwapo Salma, muuguzi mwenye elimu ya juu ya kazi yake, binti wa watu wa Pemba. Wakubwa wa afya walimpa idhini ya majaribio: apime wagonjwa mwenyewe, aongeze au apunguze dawa bila ya kumngoja daktari, na awafuate majumbani wasioweza kutembea. Majaribio yakifaulu, ingetungwa kanuni ya kudumu kwa wauguzi kama yeye katika vijiji vyote vya upande wetu. Hayo mimi sikuyajali. Nilichokijua ni kuwa kila Jumatano, nikienda soko la wanawake Ibra, yeye huja kwangu kumsafisha mume wangu mguu.

Siku hiyo nilikuwa nachagua udi. Jirani yangu Zuwena akanitazama, akacheka.

"Wewe unanunua udi, na mwenzio yuko kwako anakandwa mguu. Huo udi utamfukizia nani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Niliuacha udi pale pale nikaregea nyumbani.

Nilikuta mlango u wazi, na wifi yangu amekaa kizingitini anachambua mchele, maana Salma hakuingia hata siku moja bila ya kuwapo mwanamke wa nyumba. Bwana Seif yuko kitini, mguu wake umelazwa juu ya taulo katika magoti ya Salma, naye anacheka. Kicheko kile, mwanangu, sikukisikia tangu mwaka wa harusi yetu.

"Shikamoo, mama," Salma akasema.

Sikumwitikia. Nikamwambia, "Kidonda hupona kwa vichekesho siku hizi?"

"Namchekesha asiangalie ninapokata nyama iliyokufa. Njoo ukae hapa karibu, mama, nikuoneshe, ili siku nisipofika ukiweze wewe."

Alikuwa ananipa nafasi, nami nikaona ananinyang'anya yangu. Miaka yote mimi ndiye niliyejua mtu huyu anakula nini, analala vipi, anakasirishwa na nini. Sasa akishika tende ya pili na kahawa yake, anasita na kusema, "Salma kakataza." Salma! Halwa niliyompikia kwa mkono wangu ikawa ya wageni.

Sikuwa na ujasiri wa kusema kuwa naona wivu. Nikauvisha wivu wangu nguo ya dini, nikasema mwanamke kumshika mguu mwanamume wa watu si jambo la heshima. Kisha nikaenda kwa jirani anayejua kuandika, nikamtajia ya kuandika: kwamba muuguzi huyu anajifanya daktari, anabadilisha dawa kwa kichwa chake, na anaingia majumba ya watu wenyewe wakiwa hawapo. Nilijua anayo idhini, na nilijua wifi yangu alikuwapo. Nikatia dole gumba langu chini ya karatasi ile, na ikapelekwa kwa wakubwa wa afya.

Haukupita muda Salma akazuiwa kwenda majumbani mpaka uchunguzi umalizike. Nilifurahi, siwafichi. Nikaushika mguu ule mwenyewe, nikaupaka manjano na samli, nikamlisha mume wangu tende kwa vidole vyangu. Akisema twende kituoni, mimi husema kesho, naye alikuwa mtu wa kunisikiliza. Wiki ya tatu nyumba ikaanza kunuka, na vidole vyake vikageuka vyeusi.

Katika hospitali kubwa daktari wa upasuaji alifungua faili. "Kila Jumatano imeandikwa hapa kuwa kidonda kinapungua," akasema. "Halafu kurasa tupu. Nani aliyemzuia muuguzi huyu?"

Nilitazama sakafu. Bwana Seif, aliyekwisha kusikia khabari ya karatasi yangu, akamwambia daktari autazame mguu kwanza. Wakamkata vidole vyote vya mguu ule na nusu ya unyayo. Alipozindukana akaniambia, "Ulikuwa ukiuonea wivu mguu huu. Haya, sasa umepungua, pumzika."

Hakusema neno jengine juu ya jambo lile mpaka alipokufa, baada ya miaka mingi. Laiti angenitukana.

Wakubwa walipokaa Ibra kuamua khabari ya kanuni, nilimwomba mmoja wa wanangu anipeleke. Karatasi yangu ikasomwa mbele za watu. Nikasimama nikasema, "Hayo ni uongo, na aliyeyasema ni mimi. Ni wivu wa mke." Mkubwa wao akaniuliza iwapo kwa maoni yangu muuguzi apewe mamlaka ya kutibu. Nikamjibu, "Mimi sikusoma. Lakini mguu wa mume wangu nimeuona ukiwa mikononi mwake, na nimeuona ukiwa mikononi mwangu."

Kanuni ilitoka, ila kwa kuchelewa, na sijui ni miguu mingapi iliyongoja kwa sababu ya dole langu. Salma akaregea kwetu. Aliponiamkia nilimwitikia marahaba, nikakaa pale aliponionesha, nikajifunza kufunga kidonda. Yeye na Bwana Seif walicheka kama kawaida yao, nami nikaumia kama kawaida yangu.

Basi sikiliza, mwanangu. Siwezi kukwambia usione wivu, kwani mimi ninao hata leo. Nakwambia uutaje kwa jina lake, wala usiuvishe nguo ya dini au ya sheria ukautuma kwa watu. Mgonjwa wako si mali yako. Mpe anayejua kumtibu, kisha kaa karibu ujifunze. Nanyi mnaotunga kanuni za tiba maofisini, msimpime muuguzi kwa cheo chake wala kwa manung'uniko ya watu kama mimi. Nendeni mkakitazame kidonda.

Mungu akupeni vifua vipana, akupeni na macho ya kumtambua anayekufaeni hata pale asipokupendezeni, na awaepushe wagonjwa wenu na mikono yenye wivu. Na Salma, popote alipo, Mungu ampe afya na amrefushie umri. Dua hii inanitoka kwa uzito, lakini naiomba. Amin.