Simbilisi wa binti yangu alivyoacha kutembea Chunya, tukarudi jikoni kwa bibi yake Ilula

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Humu huwa napita kimya kimya, nasoma na kuondoka. Leo naweka la kwangu. Ni la kweli kuanzia juu hadi chini, na mke wangu naye ni member humu, kwa hiyo nikitia chumvi ataniumbua mbele yenu.

Ni kuhusu simbilisi.

Kwa wasiowajua: ni mnyama mdogo mnene, hana mkia, anafanana na sungura aliyekatwa masikio. Huku Nyanda za Juu Kusini wanaishi jikoni, karibu na moto, na wengi wetu tunawafuga kwa ajili ya kitoweo. Mimi nimekulia Mbeya, nimewala sana na sijutii.

Tatizo ni kwamba binti yangu Jesca, yuko darasa la pili, hawaoni kama kitoweo.

Tulikuwa tunaishi Iringa mjini. Mimi ni fundi wa pampu za maji, nikapata kazi Chunya, kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Tukahama familia nzima. Jesca hakutaka. Alilia kuanzia tunafunga mizigo.

Mama mkwe wangu anaishi Ilula. Anauza mboga barabarani: nyanya, hoho, chainizi, karoti, mnajua wenyewe mabasi yakisimama pale. Ili mjukuu anyamaze akampa simbilisi wawili kutoka jikoni kwake. Mmoja mweupe, akaitwa Weupe. Mwingine ana mabaka meusi, kahawia na meupe, akaitwa Kachumbari.

Sikupenda. Nyumba ya kupanga, vyumba viwili, halafu na mifugo ndani. Ila mtoto alinyamaza, nikanyamaza na mimi.

Kabla hatujaondoka, mke wangu alimuuliza mama yake wanalishwa nini.

Jibu lake nalikumbuka vizuri: "Mimi siwapi kitu, mwanangu. Jioni pumba kidogo, basi. Hawana shida hawa."

Shikeni hapo.

Chunya kuna vumbi na jua. Kiangazi mboga zinapanda gari kutoka Mbeya, zinafika zimelegea na bei imechangamka. Mchicha ukiingia nyumbani kwangu unapikwa hadi shina, hakuna wa kutupa jani.

Kwa hiyo simbilisi wakala pumba, kama tulivyoelekezwa. Nikaona nisiwe mbahili, nikaagiza Mbeya chakula cha sungura cha kwenye mfuko, vile vidonge vidonge. Na nyasi kavu za kulalia, ambazo nazo walitafuna. Maji safi kila siku.

Kwa kweli nilijiona mfugaji wa kisasa.

Jesca shuleni hakuwa na rafiki. Wenzake walikuwa na makundi yao tayari. Akitoka shule alikuwa anakaa chini pembeni ya boksi, anawasimulia Weupe na Kachumbari mambo ya siku nzima. Sisi tukimuuliza anasema "kawaida tu". Wao walikuwa wanapata habari kamili.

Haukupita muda mrefu Weupe akaanza kupooza. Manyoya yakasimama ovyo. Akawa anaburuza miguu ya nyuma, na ukimgusa anapiga kelele kama umemkanyaga.

Nikaenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji alicheka kwanza, halafu akanipa dawa ya minyoo. Tukampa. Siku chache baadaye Weupe akafa.

Jesca alimzika mwenyewe nyuma ya choo. Baada ya hapo hakusimulia tena, hata kwenye boksi. Anakaa tu, anaangalia.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, wakuu. Si kwa ajili ya simbilisi. Mtoto alikuwa ananiponyoka na mimi nashughulika na pampu za watu.

Halafu Kachumbari naye akaanza kuburuza miguu.

Jirani yangu, mtu mwema kabisa, alishauri tumchinje mapema kabla hajakonda. Nilimshukuru na nikamwomba ushauri huo asiutoe Jesca akiwepo.

Shule zilikuwa zinafungwa wiki hiyo. Jesca akaja kwangu, akasema sentensi moja: "Baba, tumpeleke kwa Bibi, akafie kwao."

Nikaomba ruhusa kazini. Kachumbari akasafiri ndani ya katoni yenye matundu, Chunya hadi Mbeya, Mbeya hadi Iringa, kisha Ilula. Njia nzima Jesca ameipakata. Makambako kulikuwa na baridi, akavua sweta lake akalifunika boksi. Nikampa koti langu, na mimi nikatetemeka kimya kimya.

Bibi alitupokea mlangoni kwa salamu ya Kihehe. "Kamwene! Mbona kinyama kimenyong'onyea hivi? Mlikuwa mnakipa nini?"

Nikasema, "Pumba, mama. Kama ulivyotuambia."

Akakunja uso. "Si ndo pumba hizo hizo na mimi nawapa?" Alidhani tunamlaumu kwamba alitupatia mbegu mbovu. Nikaona nisiendelee.

Kachumbari akawekwa jikoni, chini, pamoja na ndugu zake. Wale wamenona, wanakimbia. Yeye amelala kama soksi.

Jioni Bibi alirudi na mboga ambazo hazikuuzika. Akakaa kwenye kigoda kuzichambua. Hoho iliyolainika, anaikata sehemu mbaya, anadondosha. Majani ya nje ya chainizi, anadondosha. Karoti iliyovunjika, chini. Mikono inafanya kazi, mdomo unaendelea na habari za majirani.

Simbilisi wote wakatoka chini ya meza. Sakafu ikawa safi muda si mrefu.

Kachumbari akajiburuza taratibu hadi kwenye kipande cha hoho. Akala. Akatafuta kingine. Jesca alikuwa amenishika mkono wa shati, anauvuta.

Nikamuuliza Bibi, "Mama, si ulisema huwapi kitu?"

Akaniangalia kama anamwangalia mtu aliyechanganyikiwa. "Kwani hapo nimewapa? Hizo takataka, baba. Kesho ningefagia."

Wakuu, nilikaa chini.

Kwa huyu mama, kulisha ni kuweka chakula kwenye sahani. Pumba zinawekwa kwenye sahani, kwa hiyo hicho ndicho chakula. Kinachoanguka akichambua mboga hakihesabiki. Hakutuficha kitu. Na sisi tulibeba kile cha sahani tu, tukaacha kilichokuwa kinawaweka hai.

Tulikaa Ilula likizo yote. Kachumbari alianza kusimama, halafu kutembea, halafu kuiba vya wenzake. Siku moja Jesca alianza kumsimulia kitu pale jikoni. Nilikuwa nje natengeneza mlango. Niliacha nyundo nikasikiliza. Sikusikia anasema nini, ila ilikuwa ndefu. Nilifurahi hadi macho yakalowa.

Baadaye nilimpata daktari wa mifugo Iringa mjini, akanieleza kitaalamu. Mwili wa simbilisi, sawa na wa binadamu, hauwezi kutengeneza vitamini C. Lazima aipate kwenye mboga mbichi kila siku, la sivyo viungo vinavimba na kuuma hadi ashindwe kutembea. Sungura anajitengenezea, ndiyo maana kile chakula cha mfuko hakikutosha. Pumba ziwe kidogo tu, nyasi ziwe nyingi kwa ajili ya meno, hoho na majani mabichi kila siku. Na angalizo: majani ya nyanya na ya viazi mviringo hapana, yana sumu.

Sasa tuko Chunya tena. Jesca amepanda matembele kwenye beseni lililopasuka, anamwagilia maji ya kuoshea mboga. Wasichana wawili wa jirani wanakuja kusaidia, au tuseme wanakuja kumshika Kachumbari. Wamezoeana.

Juzi Bibi alipiga simu, akauliza huyo simbilisi siku hizi mnampa nini.

Jesca alikuwa amekaa mlangoni na sufuria, anachambua matembele, majani yanadondoka chini na Kachumbari yuko katikati ya miguu yake.

"Simpi kitu, Bibi," akasema. "Jioni pumba kidogo, basi."

Nilichojifunza: ukipewa mnyama, usiishie kumuuliza mwenyewe anamlisha nini. Kaa jikoni kwake jioni moja, uangalie chini.

Wafugaji wa simbilisi najua mmo humu, hata mnaowala. Jikoni kwenu huwa kinaanguka nini?