Mpiga Ngoma wa Haltom City

Mwaka 2017, nilipoanza kwenda kwenye ile gereji ya Fort Worth kupiga gitaa, tulikuwa wasichana watano na wavulana wanne, na roki yetu ilikuwa mbovu kwa usawa. Nilikuwa mwanafunzi kutoka Dar, nikiamini kwamba nyuzi sita zikipigwa kwa uchungu wa kutosha, hata mlango wa bati utatokwa na machozi.

Kisha wakaja wanaume wa bia. Walichekesha, siwezi kuwanyima hilo. Walileta makreti, utani wa mademu, na mchezo wa kugongana vifua katikati ya wimbo. Mwaka mmoja baadaye wasichana wanne walikuwa wameacha kuja, nami nimekuwa mshika majaketi. Joto la Texas halikuwahusu. Roki ilidai jaketi la ngozi. Hakuna aliyenifukuza. Ila kila wimbo ulipoanza, mtu alinitupia jaketi lake.

Siku mpiga ngoma wao alipohamia Houston, shoo ikiwa imebaki wiki mbili, nikamleta rafiki yangu wa Haltom City, mji wa jirani, Mkongomani aliyefanya kazi ghalani na kupiga ngoma kanisani. Kiongozi wa bendi alikuwa Mkenya, mpole akiwa peke yake, jogoo akiwa na wenzake. Nikamwambia: rafiki yangu akiweza kwenda nanyi, mimi naye tunapanda jukwaani, akishindwa, sirudi tena hapa.

"Siste, hii si kwaya," akamwambia rafiki yangu. "Utachoka."

"Haina shida, kaka. Anza, miye nitakufwata."

Wimbo wao ulikuwa wa dakika tatu. Wakaumaliza; yeye hakumaliza. Wakadhani anawachokoza, wakaurudia. Dakika ya kumi, mpiga besi alikuwa amekaa chini. Dakika ya ishirini, mwimbaji alikuwa nje, ameinama kwenye bomba la maji. Kiongozi akabaki peke yake, uzi mmoja umekatika, wenzake wakimpigia kelele: "Usiachie, buda! Utashindwa na dem?"

"Basi!" akalia mwishowe. "Basi, mathe, tosha!"

Ndani ya nusu saa alikuwa amempandisha cheo, kutoka dada hadi mama.

Rafiki yangu akaacha palepale, akawatazama kwa huruma. "Kwetu kanisa hatuachake mpaka mchungaji anainua mukono. Nilikuwa nangojea mukono."

Nilikuwa naijua desturi hiyo. Sikuwaambia. Mungu anisamehe.

Kiongozi akajifuta uso kwa fulana. "Sawa, umepita. Lakini kwa shoo usitufanyie hivi."

"Basi mufanye mazoezi."

Kiongozi akanigeukia mimi, mara ya kwanza kwa miezi mingi, akauliza kesho tuanze saa ngapi. Nikamwambia saa kumi, mwenzangu akishatoka kazini, na wasile sana kabla ya kuja.