Njia ya Ntoto Ilipofunguka

Emérence alikuwa amechuchumaa shambani, akipalilia maharagwe, ardhi ilipoanza kumyumbisha. Alidhani ni kizunguzungu, maana alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Kisha akaona mihogo inatikisika bila upepo, na kule juu malishoni ng'ombe wa jirani yao Makuza wanakimbia ovyo. Alipofika nyumbani, ukuta alioukandika kwa mikono yake ulikuwa chini. Watoto walikuwa nje, wazima, wamejaa vumbi tu. Akawakumbatia, akawapangusa.

Ilikuwa mwaka 1966, na vita vya wenyeji na Wanyarwanda katika vilima vya Masisi vilikuwa vimepoa juzijuzi tu. Jioni habari ikafika kwamba kilima kimeporomoka na kuifunika njia ya Ntoto na Walikale. Marcellin, mume wake, alikuwa upande wa pili. Alikuwa amekwenda Ntoto kununua mawese.

Siku zikapita bila neno. Malori ya serikali yakaja kutoka Goma na mablanketi, chumvi, unga na mabati, pamoja na askari wa kusaidia. Ofisa mmoja akapanda juu ya lori akasema nchi yote imejua mateso yao, ila katapila la kufungua njia bado liko upande wa Beni, ambako tetemeko limeumiza watu zaidi. Wenye jembe waanze kuchimba.

Emérence akaweka jembe begani. Kapita, yaani msimamizi wa kazi, Papa Honoré, akamtazama tumbo.

"Mama, hii kazi haiko ya mwanamuke mwenye mimba. Rudia nyumbani."

"Nyumba gani, Papa? Yangu imeanguka. Na bwana yangu iko kule ngambo."

Honoré akamwonyesha sufuria kubwa. Basi akawa mpishi wa wachimbaji.

Hapo jikoni ndipo alipokutana na Mukagasana, mke wa Makuza. Tangu vita, vilivyowaweka pande mbili, wanawake hao wawili walikuwa wakipishana njiani kila mmoja akitazama chini. Sasa Mukagasana alishuka kila asubuhi na maziwa kwa ajili ya wachimbaji. Siku ya kwanza alijaza kikombe, akamsogezea Emérence kabla ya mwingine yeyote.

"Kunywa. Muko wawili."

Emérence akanywa. Kisha akasogea kidogo ili mwenzake naye apate nafasi kwenye gogo. Wakamenya mihogo pamoja mpaka mchana, na kesho yake pia.

Udongo ulikuwa mbichi, ukiteleza usiku na kujaza walichochimba mchana. Hakuna aliyeruhusiwa kuuvuka, kwa sababu ungemmeza. Lakini asubuhi moja majembe yalipotulia, wakasikia majembe mengine. Watu wa Ntoto nao walikuwa wakichimba kuja kwao. Emérence akaacha mwiko, akapanda mpaka ukingoni. Ng'ambo, mtu mmoja alikuwa akifoka.

"Hapana vile! Tupeni udongo kwa bonde, musiutupe kwa njia tena!"

"Njo yeye," Emérence akasema polepole, maana aliitambua sauti ya mumewe. Kisha akapaza sauti: "Marcellin!"

Sauti ile ikajibu: "Emérence? Watoto wako aje?"

"Wote wako wazima!"

Wachimbaji wa pande zote wakaanza kucheka. Emérence akalia, Mukagasana akimshika mkono asije akateleza.

Katapila lilipofika, njia ilikuwa imebaki kipande kidogo tu kufunguka. Marcellin akatokea matope mpaka kiunoni, amekonda, na madumu yake ya mawese mabegani. Akaeleza kwamba alijaribu kupita mara ya kwanza akazama mpaka kifuani, wenzake wakamvuta kwa kamba. Baada ya hapo akaona afadhali achimbe.

Mvua kubwa haikuwasubiri sana, lakini iliwakuta chini ya mabati. Makuza alishuka na mianzi, Marcellin akafunga nguzo, na wake zao wakakandika kuta huku wakibishana kama udongo umelainika vya kutosha. Mtoto alizaliwa humo, wa kike, kuta zikiwa bado zinanukia udongo mbichi. Mukagasana ndiye aliyempokea. Alipomwosha na kumfunga katika blanketi la serikali, alimlaza kifuani kwa mama yake, akaenda kukoka moto wa chai.