Siku Binti Mfalme Aliponyamaza Vitongoji

Harufu ya marekani mpya iliyorowa maji ndiyo iliyonirudisha kule. Juzi mjukuu wangu kanunua kitambaa cha mapazia, kakiroweka kwenye beseni kitoke wanga, na mie nikasimama ukumbini nimeshika kiuno kama mtu aliyeitwa jina lake. Nikawaona wote. Wacha basi niwataje waliokuwapo, maana miguu inaniuma na macho yamefifia, lakini kusahau majina ya watu si ugonjwa wangu.

Alikuwapo baba yangu, Faki Kombo, mkulima wa muhogo, mwenye mikarafuu michache aliyorithi. Alikuwapo mama yangu, Chumu binti Hamad, na kaka yake mama, mjomba Omari, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Alikuwapo dada yangu Time, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu, mwenye miaka kumi na saba. Alikuwapo Bi Riziki, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, naye alikuwa somo yake Time, ndiye aliyemfunda alipovunja ungo. Na alikuwapo Bi Jamna, mke wa Ramji mwenye duka, Wahindi wetu wa pekee hao, naye alisema Kipemba kama aliyezaliwa na mkunga wetu. Mie Mize nilikuwa kitinda mimba, wa miaka tisa au kumi. Mama alinihesabia umri kwa misimu ya karafuu, na mwaka ambao mikarafuu haikuzaa hakuuhesabu.

Haya yalikuwa kijijini kwetu Vitongoji, miaka mitatu minne kabla ya Mapinduzi.

Wiki mbili kabla ya usiku ninaotaka kuwasimulia, ilikuja posa kutoka kijiji cha Kiuyu. Mposaji alikuwa Bwana Shaame, mtu mzima aliyefiwa na mke, na sitaki kumsingizia: alikuwa mtu wa sala, hakuwa na sifa mbaya hata moja. Baba alimwita Time ukumbini akamuuliza. Time akatazama mkeka. Hakusema kitu. Hivyo ndivyo alivyofundwa na Bi Riziki, kwamba mwari akiulizwa huinamisha uso, na kimya chake ndiyo kukubali kwake. Baba akasema alhamdulillahi, akapeleka habari Kiuyu kwamba wazee waje Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuchukua jawabu. Likaisha.

Ila mie niliona jambo. Tangu siku ile Time hakuimba tena akisuka ukili. Nililiona kwa sababu nyimbo zake ndizo nilizokuwa nikijifunza, na sasa nilikuwa nimekwama katikati ya ubeti. Lakini nani humuuliza mtoto kaona nini?

Jumanne ya wiki ile ile ya Ijumaa, likaja gari la sinema kutoka Chake Chake. Lilisimama kwenye uwanja wa skuli, likashusha mashine yenye kunguruma na kunuka petroli, na watu wake wakatundika kipande kikubwa cha marekani baina ya minazi miwili. Wanaume walikaa mbele, upande wa gari. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya kitambaa, maana haikuwa adabu kuchanganyika, na ili picha ipenye hadi kwetu, wasichana waliteka maji wakakirowesha kitambaa chote. Time alibeba ndoo nne. Tulipoketi, matone yalikuwa yakituangukia, na ile harufu ndiyo ninayokwambieni.

Baada ya Isha wakaanza. Kwanza walituonesha bwana mmoja akifundisha namna ya kuanika karafuu. Tukamsikia mjomba Omari upande wa pili: "Yakhe, huyu kaja kutufundisha sisi? Mwambieni zake zimeshaota ukungu!" Watu wakacheka mpaka yule bwana akaondoka kitambaani.

Halafu ikaja hadithi yenyewe, ya wafalme wa zamani wa Bara Hindi, na vicheko vikakatika.

Sijui niwaeleze vipi. Nyinyi mnazo picha mifukoni mwenu. Mie nilikuwa sijapata kuona hata picha ya mtu ukutani. Mara ukatokea uso wa mwanamke mkubwa kuliko mlango wa msikiti, unameta vito, na kope zake nikaziona moja moja. Alipopumua, pua zake zilitanuka kidogo, na mie nikajikuta napumua naye. Nilidhani nikinyanyuka nikamgusa shavu nitahisi joto. Tembo walipopita, watoto wawili walikimbia kujificha nyuma ya mama zao, na mmoja, sitamtaja kwa kuwa sasa ni mtu mzima wa heshima zake, alijikojolea.

Bi Jamna alikaa katikati yetu akitufasiria. Huyu ni binti mfalme. Yule ni baba yake. Na huyu aliyepanda tembo ni mfalme kijana, kaja kuposa.

Mfalme kijana akashuka, akatoa mkufu juu ya sinia. Kwa kuwa tulikuwa nyuma ya kitambaa, tuliona kila kitu kinyume, kulia kwetu kushoto, wala hakuna aliyelifikiri hilo. Bi Riziki akashika kifua.

"Kwa shoto! Mfalme mzima anatoa posa kwa shoto!"

"Na upanga kaufunga kulia," akasema mama. "Huyu hakulelewa."

Wanawake wote wakaguna. Posa ile kwetu ilikuwa imeshaharibika kabla haijajibiwa.

Baba mtu akamgeukia bintiye, akasema maneno machache. Uso wa yule binti ukajaa kitambaa kizima. Akainamisha macho. Mashine ilinguruma, maji yakadondoka, na yeye akanyamaza. Sijapata kuona kimya kirefu vile. Kikatanda uwanja mzima.

Upande wa wanaume pakalipuka shangwe. "Amekubali! Amekubali!" Nikaitambua sauti ya baba yangu juu ya zote: "Alhamdulillahi, mtoto kafundwa huyo!"

Wakati wanashangilia, yule binti alifumbua mdomo akasema neno, dogo, wala hatukulisikia kwa makelele. Kisha akachukua mkufu, akaurudisha kwenye sinia, akaufunika kwa kitambaa.

"Amekataa," akasema Bi Jamna.

Wanawake wakaruka kama waliomwagiwa maji ya moto. Kuna aliyesema astaghfirullah, kuna aliyepiga kigelegele akakimeza katikati. Bi Riziki akauliza kwa hasira, "Huyo kafundwa na nani?" Mie nilihisi vidole vya Time vikinibana kifundo cha mkono mpaka nikataka kulia. Na Time, ambaye hakuwa amesema maneno kumi tangu posa ije, akauliza:

"Bi Jamna, mbona kwanza alinyamaza?"

Bi Jamna akajibu polepole. "Alinyamaza kwa kuwa baba yake kamuuliza kama mtu ambaye jawabu analo tayari."

Mie sikuelewa. Nilikuwa namtazama binti mfalme tu, nikiogopa mbingu itamwangukia. Mtoto wa kike kasema hapana mbele ya baba yake, mbele ya tembo, na bado amesimama, vito vyake vinameta.

Vita vikaanza hapo hapo kitambaani. Wanaume, masikini, walikuwa wanangojea harusi. Tukawasikia wanaulizana: "Mbona bwana harusi anapigana na mkwewe?" Mjomba Omari akawatuliza: "Bila shaka kuna shangazi hakualikwa."

Asubuhi yake kijiji kizima kilikuwa vijiji viwili. Barazani wanaume wanasema kakubali, kisimani wanawake wanasema kakataa. Baba na mjomba walikaa barazani petu wakila muhogo wa kuchemsha, wakiusifu ustahi wa yule binti, na mama akashindwa kuvumilia. Akasema kutoka nyuma ya mlango:

"Yule kakataa, baba Time."

"Kanyamaza," akasema baba. "Sote tumemwona."

"Kanyamaza, na kakataa. Bi Jamna kafasiri. Vile vita unadhani vya nini?"

Mjomba akaanza lake la shangazi, lakini baba alimnyanyulia mkono. Akakirudisha kipande cha muhogo sahanini. "Kimya kile kilikuwa cha kukataa?" akauliza, na hakuuliza mtu. Kisha akasimama.

Mie nilikuwa jikoni, kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba, napepeta mchele. Time alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, na Bi Riziki alikuja kuazima upawa akakaa. Mlango ukaingia giza. Alikuwa baba. Nataka mnielewe: baba yangu hakuwa amekanyaga jiko lile tangu alijenge. Kofia yake iligonga makuti ikaanguka, hakuiokota. Akachutama chini, juu ya majivu, magoti yake yakalia, mpaka macho yake yakawa sawa na ya Time. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mdomoni.

"Time, mwanangu. Nilikuuliza habari ya Kiuyu, ukanyamaza. Sasa nakuuliza tena. Safari hii nataka kusikia."

Bi Riziki akaruka. "Ee Bwana Faki! Mwari hasemi! Utaniharibia kazi yangu?"

"Nimekusikia, Bi Riziki. Namngoja huyu."

Time alikuwa na nusu ya nazi mkononi. Maji ya sufuria yakachemka, yakafurika, yakazima kuni upande mmoja, moshi ukatutia machozi. Hakuna aliyenyanyuka. Niliogopa kuliko nilivyowaogopa tembo. Nikaona kwamba neno linaweza kuwa zito kuliko ndoo ya maji.

"Sitaki, baba," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Hana baya. Moyo tu hauendi."

Baba akamtazama. Akasema, "Haya, mwanangu." Akajishika kwenye nguzo, akainuka, akatoka kichwa wazi. Bi Riziki akaondoka bila ya upawa.

Ijumaa wazee watatu wa Kiuyu walikuja. Mama akapika kahawa, baba akanunua halua, akawakirimu kama wakwe. Walipomaliza akawaambia. Mie na Time tulikuwa nyuma ya mlango, na hivi ndivyo nilivyosikia.

"Nimemuuliza. Kasema hapana."

Mkubwa wao akashusha kikombe. "Kasema? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Na wewe ukamsikiliza?"

"Nilimuuliza, yakhe. Mtu akishauliza atafanyaje?"

Hata mjomba Omari alikohoa tu. Wazee waliaga kwa heshima, na Kiuyu hawakutualika tena kwa jambo la heri wala la shari. Baba aliitwa Faki Sinema kuanzia wiki ile. Aliitwa hivyo sokoni, aliitwa hivyo shambani, na siku ya maziko yake nilimsikia mtu akisema, Mwenyezi Mungu amrehemu Faki Sinema. Hakuwahi kumkasirikia mtu kwa jina lile.

Msidhani Time alipata mfalme. Alikaa miaka miwili, akaolewa Chake Chake na mtu aliyemtaka mwenyewe, wakaachana, akaolewa tena, akazaa watano. Lakini nyimbo alizirudia, na ule ubeti nikaumaliza.

Kwa miaka mingi niliamini binti mfalme ndiye aliyemwokoa dada yangu. Kisha nikakutana na Bi Jamna huko Chake, kizee, nywele nyeupe pe, kakaa dukani kwa mwanawe. Nikamuuliza: lile neno alilosema binti mfalme, hasa lilikuwa lipi?

Akacheka mpaka akafuta macho. "Mize, sisi nyumbani tulisema Kikachi. Kile kilikuwa Kihindi cha wafalme. Neno moja nilishika, matano yakanipita."

"Sasa ulijuaje kuwa kakataa?"

"Mimi nilikuwa sitazami picha," akasema. "Nilikuwa namtazama dada yako."

Basi nikamhamishia Bi Jamna heshima yote, na anastahiki. Ila sasa, nami nimeshaoza mabinti wanne, namfikiria zaidi yule mtu aliyechutama juu ya majivu. Sheria ilikuwa upande wake, desturi ilikuwa upande wake, jawabu alilolitaka alikuwa nalo tayari na watu wameshaitwa. Akaenda kuliuliza upya, akijua laweza kumtoka mkononi. Mie nilipowauliza wanangu niliwauliza mara moja moja tu. Sikuwa na nguvu ya mara ya pili, na mmoja wao mpaka leo sijui kimya chake kilikuwa kipi.

Liko jambo moja linanisumbua. Mie nasikia baba akisema, "Haya, mwanangu." Time alipokuwa hai alishikilia kwamba baba alisema "Haya" tu, na kwamba hilo la "mwanangu" nimeliongeza mie kwa mapenzi. Waliokuwamo jikoni wote, isipokuwa mie, wametangulia mbele ya haki. Lakini Bi Riziki alikuwa msimuliaji, na wajukuu zake wapo Vitongoji. Kama aliwasimulia, na kama alisikia kinyume na nilivyosikia mie, naomba waje waniambie. Nitaandika upya kama alivyosema yeye.