Vichupa Viwili vya Rangel

Veneta alikuwa fundi wa maabara yetu hapa Plovdiv kwa miaka ishirini na miwili. Alipokea vipande vya ini kutoka chumba cha upasuaji, akavikata na kuvitia kwenye vichupa. Ndani yake Daktari Ognyan alitafuta seli T zisizo za kawaida. Ni seli za kinga zilizojaa kwenye ini na utumbo. Hazingoji kuoneshwa adui kama wenzao, huamka upesi zikikuta mabaki ya bakteria. Daktari alitaka kujua kama saratani ikiingia zinapigana au zinalala.

Veneta alianza daima na ini lisilo na ugonjwa, kichupa namba moja, kisha uvimbe wa saratani, namba mbili, ili kisu kisichafue kipande kisafi.

Kwa wagonjwa kumi na watano, seli za ndani ya uvimbe zilikutwa zimelala. Kwa wa kumi na sita, Rangel, mkulima wa zabibu, zilikuwa macho. Ognyan alizungusha boksi la chokoleti ofisi zote. Akampigia simu hata mke wa Rangel. "Mama Stanka, seli za mzee zinapigana!"

Wiki tatu baadaye Veneta aliona picha ya Rangel kwenye tangazo la msiba, limebandikwa kituo cha basi. Alipofika kazini akafungua daftari lake, ukurasa wa siku ile. *Uvimbe umeletwa kwanza. Ini baada ya dakika arobaini.* Alikuwa amevikata kwa mpangilio vilivyofika, na mkono ukaandika moja, mbili, kama ulivyozoea.

"Ripoti inatumwa Ijumaa," aliniambia mimi niliyefanya kazi meza ya pili. "Nikinyamaza, nani atafungua daftari langu?"

Alivua glavu, akaenda kwa daktari.

"Dada Veneta, usinitanie asubuhi yote hii," Ognyan alisema. "Watu wameshakula chokoleti zangu."

"Sitanii, daktari. Namba moja ndiyo uvimbe."

"Miaka ishirini na miwili! Ukaona ukosee kwa huyu?"

Walitoa masalio kwenye friza, wakayaweka chini ya darubini. Namba moja ilikuwa uvimbe. Seli za Rangel zilikuwa zimelala humo kama za wengine wote. Ognyan alifuta mwenyewe mstari wa Rangel kwenye ripoti, na siku mbili hakumsalimu Veneta.

Siku ya arobaini ya msiba, Mama Stanka alituletea ngano ya kuchemsha yenye sukari, chakula cha kumkumbuka marehemu. Akauliza kama seli za mumewe zilipigana hadi mwisho. Ognyan alitazama dirishani.

"Hapana, mama," Veneta alisema. "Ndani ya uvimbe zilikuwa zimechoka. Nilichanganya vichupa kimakosa. Nisamehe."

Mama Stanka alichota ngano, akajaza bakuli.

"Na yeye alichoka," alisema. "Aliniambia amechoka, mimi nikambishia kwa sababu ya ile simu ya daktari. Nikamlazimisha ale." Akamsogezea bakuli. "Kula, mwanangu."

Veneta akala, amesimama.